Faiba ya Bi Wahiba

Siku Bi Wahiba aliporudi Dar kutoka mazikoni Tanga, simu yake ilikuwa na ujumbe mwingi ambao hakuwa ameufungua. Karibu wote ulikuwa wa rambirambi. Mmoja ulimpongeza.

"Ndugu WAHIBA, hongera! Faiba yako iko hewani. Furahia intaneti yenye kasi nyumbani kwako."

Aliusoma angali na baibui la safari, mkoba haujafunguliwa. Akatazama juu ya kabati la sebuleni. Ruta yake ya zamani, ile ya kutumia laini ya simu, ilikuwa imekaa palepale na taa yake nyekundu ikipepesa. Hakukuwa na waya mpya wala kisanduku kipya. Alitoka akazunguka nyumba, akatazama ukuta wa mbele na wa nyuma, akarudi ndani. Kweli aliwahi kujiandikisha, Ramadhani iliyopita, kwa kijana mmoja wa kampuni aliyekuwa akipita geti kwa geti na kishikwambi mkononi. Lakini alimwambia atapigiwa simu kabla mafundi hawajaja. Bi Wahiba akaona ni matangazo tu, akaingia jikoni kuchemsha maji.

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kwao ni Tanga, katika ukoo wa Kiarabu uliouza vitambaa kizazi baada ya kizazi, na marehemu mumewe, Aidarus, naye alikuwa na duka la vitambaa Kariakoo. Aidarus alipotangulia mbele ya haki, duka liliuzwa, na mjane akahamia Goba kwenye nyumba ambayo mumewe alikuwa akiijenga polepole kwa miaka tisa. Nyumba nzuri, tena yenye hewa, ila iko bondeni. Waliojenga juu kilimani simu zao zinashika vizuri. Huku chini mtu hupiga simu amesimama pembeni ya tangi la maji, maana ndipo mtandao unapofika. Watoto wake wawili walikuwa mikoani na familia zao. Yeye alioka vileja na mikate ya ajemi kwa watu wa oda, na siku zake zilikwenda hivyo, taratibu, mpaka ifike saa kumi na nusu.

Saa kumi na nusu ilikuwa ya Ahlam.

Ahlam ni dada yake, kamzidi miaka minne, aliyeolewa Maskati akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Miaka mitatu nyuma aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, akasimama, akarudi jikoni kwake, lakini masikio hayakurudi. Kuongea anaongea vizuri, sauti yake ileile ya Tanga, ila hasikii hata mlango ukibamizwa. Madaktari walimfundisha kusoma midomo. Sasa ajabu ni kwamba midomo ya watu wa huko, wakwe na majirani, ilimpa tabu. Wanasema haraka, na Kiarabu chao hakikuwa lugha aliyonyonya nayo. Kiswahili cha mdogo wake ndicho alichokisoma bila kukosea. Bi Wahiba akiinua tu mdomo, Ahlam ameshajua neno.

"Wewe ndiye sikio langu," alikuwa akimwambia.

Basi kila siku baada ya Alasiri walipigiana simu ya video. Tatizo ni ruta ile. Picha ilikwenda sekunde kumi, ikasimama, ikaruka, ikaenda tena. Mtu mwenye masikio anaweza kuvumilia, kwa sababu sauti inaendelea. Ahlam hakuwa na sauti ya kumsaidia. Picha ikiganda, kwake ni kama mtu anayezungumza naye amezibwa mdomo. "Umeganda," alikuwa akisema. "Umeganda tena, Wahiba, na kinywa wazi kama samaki." Wakicheka wote wawili.

Siku ile ya kurudi kutoka Tanga hapakuwa na cha kuchekesha. Aliyezikwa alikuwa Khalati Zuwena, mama yao mdogo, aliyewalea wote wawili tangu mama yao alipofariki wakiwa wadogo. Mwezi uleule Khalati alikuwa aje Dar, akae kwa Wahiba, afanyiwe operesheni ya macho. Ahlam alilijua hilo na alikuwa akilisubiri kwa hamu, amwone Khalati kwenye video. Badala ya safari ikaja presha, na usiku mmoja yakaisha. Wahiba hakutaka dada yake apewe habari na mtu wa pembeni. Aliwaambia ndugu wote: niachieni mie, nitamwambia uso kwa uso.

Saa kumi na nusu akakaa mbele ya simu.

"Dada," alisema, akifungua kinywa vizuri, "Khalati amefariki."

Picha ikasimama. Ikaruka. Ahlam alipoonekana tena alikuwa amefumba macho, mikono kifuani, na usoni ana tabasamu la utulivu.

"Alhamdulillah," alisema. "Mwache apumzike. Safari yenyewe ndefu."

Bi Wahiba alilia machozi mengi. Hakuwahi kuona subira ya namna ile. Alilala na maneno yale, akaamka nayo, akawasimulia hata ndugu wa Tanga jinsi Ahlam alivyoipokea habari, nao wakasema mashaallah, yule dada ana imani.

Siku tano baadaye Ahlam akauliza, "Khalati bado kalala tu? Hebu mlete kwenye kamera, jamani, nimwone uso. Au bado kachoka na basi?"

Bi Wahiba alibaki ameishika simu. Ikamjia polepole. Amefariki, amefika. Picha imeruka katikati ya neno, na dada yake kashika mwanzo na mwisho. Kwa Ahlam, Khalati Zuwena alikuwa Goba, chumba cha pili, amejifunika khanga, anapumzika na uchovu wa safari.

"Dada, sikiliza. Hakufika. Amekufa."

Ikaganda. Iliporudi, Ahlam alikuwa amekunja uso. "Amekula? Amekula nini? Wahiba, umeganda hapo."

Akajaribu mara ya tatu, na laini ikakatika kabisa. Na hapa lazima isemwe kweli: laini ilipokatika, Bi Wahiba alishukuru. Kisha akajionea haya kwa kushukuru.

Kwa nini hakuandika? Aliandika. Aliandika mara nne, akafuta mara nne. Aliona ni kama kumtupia mtu mchanga usoni na kukimbia. Alimpigia mpwa wake, Hudhaifa, mtoto wa Ahlam, ambaye yuko kwenye visima vya mafuta jangwani, wiki sita kazini, wiki tatu nyumbani. Hudhaifa alishangaa. "Khalati Wahiba, si mama anajua? Si ulimwambia wewe, na akasema apumzike? Mie nilimtumia hata dua." Na Ahlam, kumbe, alikuwa ameijibu ile dua kwa amina, akidhani mwanawe anamwombea Khalati operesheni njema.

Alikwenda hata kwenye mgahawa mmoja Mbezi Beach wenye waifai ya bure. Akaagiza juisi, akatafuta kona. Pembeni yake kijana na mchumba wake walikuwa wakilishana chipsi, na spika juu ya kichwa chake ilikuwa inapiga singeli. Akaona hapa siwezi kumwambia mtu kwamba mama yake kafa. Akanywa juisi, akaondoka.

Ndipo akaukumbuka ule ujumbe wa pongezi. Faiba. Waya unaoleta intaneti mpaka ndani ya nyumba, picha inakwenda kama televisheni. Kama kweli imefika bondeni, basi kazi imekwisha. Akapiga simu huduma kwa wateja, amesimama pembeni ya tangi.

Binti aliyepokea alikuwa na adabu nyingi. Akamwuliza namba ya nyumba. Bi Wahiba hakuwa anaijua kichwani; akatoka mpaka getini akasoma kibao cha bluu cha anwani za makazi. "Ishirini na nne."

"Asante, mama. Eneo lako liko kwenye awamu ya pili."

"Awamu ya pili ndiyo lini, mwanangu?"

"Robo ya tatu."

"Robo ya tatu ya nini?"

"Ya mwaka, mama."

Bi Wahiba akahesabu kwa vidole. "Basi mwezi wa saba, au wa nane, au wa tisa."

"Hapana mama, si mwaka wa kawaida. Mwaka wa kampuni."

"Haya. Mwaka wa kampuni unaanza mwezi gani?"

"Naomba usubiri kidogo, nitakuunganisha." Muziki ukapigwa, mzuri tu, wa kinanda. Ulipigwa mpaka simu ikakatika.

Kesho yake akapiga tena. Safari hii alipokea mwanamume, na huyu hakuuliza namba ya nyumba, aliuliza namba ya simu tu. "Mama, mbona wewe tayari una faiba?"

"Ninayo wapi?"

"Nyumbani kwako."

"Mie hivi sasa niko nyumbani kwangu, baba."

"Basi zima ruta, hesabu mpaka thelathini, uwashe."

Alizima, akahesabu mpaka thelathini kwa utii kabisa, akawasha. Taa nyekundu ikapepesa. Akamwambia. Yule bwana akamwambia arudie, ahesabu sitini.

Siku ya tatu alifungua tovuti ya kampuni kwenye simu, akaitafuta Goba kwenye ramani. Bonde lao lote lilikuwa la kijani, na kijani maana yake faiba ipo. Alipoikuza ramani aone mtaa wao, kijani kikawa kijivu: "Inakuja hivi karibuni." Alipoirudisha, ikawa kijani. Alikaa kitandani akiikuza na kuipunguza kama mtu anayejaribu kumshika mtu muongo, na ramani haikuona haya hata kidogo.

Mchana ule, akianua nguo, aliinua macho. Kutoka kwenye nguzo ya kona ulikuwa ukipita waya mweusi, mwembamba kama kamba ya kuanikia, juu kabisa ya bati la banda lake la kuku, ukavuka barabara, ukaingia kwa jirani. Hakuwa ameuona. Mtu aliyetoka msibani haangalii juu.

Jirani ni Mwalimu Wilbert, mwalimu mstaafu wa jiografia, mwenyeji wa Moshi, na mkewe Filomena. Miaka mitatu walikuwa wakisalimiana vizuri kwenye geti, wakapelekeana futari na ndizi, lakini hawakuwa watu wa kuingiliana sebuleni. Bi Wahiba akavuka, akamkuta Filomena anafagia uwanja.

"Bi Filomena, ule waya ni wa nini?"

"Si faiba, dada yangu! Mwalimu sasa anafundisha watoto wa kidato cha nne kwa kompyuta, wako mpaka Songea huko. Anapiga kelele ndani mchana kutwa."

"Mliambiwa lini kuwa imefika?"

"Wala hatukuambiwa. Walikuja tu wenyewe, ile wiki uliyokuwa Tanga msibani. Mwalimu alijiandikisha kwa yule kijana, Ramadhani ile."

"Hata mie nilijiandikisha kwa yule yule."

"Basi nawe watakuja," alisema Filomena, akimpa moyo.

Bi Wahiba alirudi kwake kichwa kikiwa kizito. Huyu anasema robo ya tatu, yule anasema tayari unayo, ramani inasema yote mawili, na waya wenyewe unapita juu ya kuku wake kama haumjui. Na saa kumi na nusu Ahlam akapiga. "Mwambie Khalati nimemnunulia gauni, dira, rangi ile anayoipenda. Hudhaifa akija likizo ataleta." Picha ikaruka. Bi Wahiba, amechoka, akaitikia kwa kichwa. Mara picha ikasimama vizuri, sekunde nyingi kuliko kawaida, na hakusema. Angeweza kusema, na hakusema.

Lile ndilo lililomtoa nyumbani asubuhi iliyofuata. Alichukua bajaji mpaka Mwenge, kwenye ofisi ya kampuni, akachukua namba, akakaa. Alipoitwa alimkuta kijana mwenye kitambulisho shingoni kilichoandikwa Khalfani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, mie sikuja kugomba. Nataka kuambiwa kitu kimoja tu, faiba itafika lini kwangu. Kama ni mwakani, niambie mwakani. Nipe jibu moja nikalale nalo."

Khalfani akaomba namba ya simu, akaandika. "Imeshafika, mama. Ilifungwa tarehe kumi na tisa mwezi uliopita."

"Tarehe kumi na tisa nilikuwa Tanga, nazika."

Kijana akaacha kuandika. "Pole sana, mama." Akatazama tena. "Mafundi walikupigia mara tatu, hukupokea. Lakini walifika, wakafunga. Nyumba namba ishirini na mbili."

"Mie ni ishirini na nne."

"Kwenye mfumo wewe ni ishirini na mbili. Yule kijana wa kuandikisha alisimama getini kwako, ramani ikamwonyesha ishirini na mbili. Ngoja. Mafundi wakimaliza huwa wanapiga picha ya kazi." Akabonyeza, akaigeuza kompyuta imtazame Bi Wahiba. "Hapa si kwako?"

Ulikuwa ukuta wa rangi ya maziwa. Kisanduku cheupe, kipya. Na pembeni ya kisanduku, amevaa kaptula na shati la kanisani, dole gumba juu, anacheka meno yote nje, amesimama Mwalimu Wilbert.

"Huyu ndiye baba wa nyumbani?" aliuliza Khalfani.

"Astaghfirullah! Huyo ni jirani!"

Ilichukua muda kuipanga, lakini Khalfani hakuwa na haraka, na kwa hilo Bi Wahiba alimshukuru. Wakaandika kwenye karatasi. Kwenye ramani ya serikali, nyumba ya Bi Wahiba ni ishirini na mbili na ya Mwalimu ni ishirini na nne. Kwenye mageti, vibao vimepigwa kinyume. Mafundi waliokuja wakimtafuta Wahiba hawakumpata kwenye simu, wakafuata kibao cha ishirini na mbili, wakagonga kwa Mwalimu, na Mwalimu alipoulizwa kama aliomba faiba akasema ndiyo, kwa sababu kweli aliomba. Ndiyo maana Bi Wahiba akipiga simu na kusoma kibao chake anaambiwa asubiri: anayesubiri ni Mwalimu. Na akitaja simu yake anaambiwa unayo: iliyofungwa ni yake.

"Kwa hiyo faiba iliyo kwa Mwalimu ni yangu."

"Ni yako, mama. Nikiandika hapa sasa hivi, kesho mafundi wanaivuta wanaileta kwako."

"Na Mwalimu?"

Khalfani akakuna shingo. "Kile kisanduku cha kwenye nguzo kina nafasi nane, na zote zimejaa. Mwalimu itabidi asubiri tuongeze kingine."

"Mtaongeza lini?"

"Hapo nitakudanganya, mama. Sijui."

Ajabu, katika majibu yote aliyopewa wiki ile, hilo ndilo lililompa nafuu.

"Basi usiandike kitu kwanza," alisema, akaichukua ile karatasi.

Alifika bondeni mchana. Hakuingia kwake, alivuka moja kwa moja. Mwalimu Wilbert alitoka na miwani kwenye paji la uso, akaisoma karatasi amesimama, akaisoma tena, akakaa kwenye ngazi.

"Mimi ndiye niliyepigilia vibao hivi," alisema. "Siku wale vijana wa anwani walipopita, geti lako lilikuwa kwa fundi, linapakwa rangi. Wakaniachia vyote viwili. Nikabahatisha." Akavua miwani. "Mwalimu wa jiografia miaka thelathini na moja, Bi Wahiba. Nimefundisha watu ramani."

Filomena alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Mwalimu akainuka, akaingia ndani, akatoka na bisibisi.

"Unafanya nini?" aliuliza Bi Wahiba.

"Nakutolea kitu chako. Wanafunzi nitawaambia."

"Weka hiyo bisibisi chini, Mwalimu. Mie sikuja kuchukua waya. Nataka sebule yako, leo, saa kumi na nusu. Nusu saa tu." Na hapo, katikati ya uwanja, akawaeleza yote: Ahlam, masikio, Khalati Zuwena, amefariki, amefika, dira iliyonunuliwa Maskati. Alipofika kwenye dira akajifuta macho. Filomena akamshika mkono akamwingiza ndani.

Saa kumi na nusu Filomena alivuta pazia ili mwanga usimpige Bi Wahiba usoni, akamwekea simu juu ya kamusi mbili ikae sawa, akatoka. Mwalimu alikwenda kusimama barabarani, asije mtu akagonga.

Ahlam akatokea. Akatokea mzima, wazi, mpaka nyuzi za ushungi wake zinahesabika.

"Wahiba!" alipiga ukelele. "Una mvi kwenye nyusi! Tangu lini? Na uko wapi hapo, mbona makochi si yako?"

"Kwa jirani. Dada, nitazame mdomo."

"Nakutazama. Maskini, nakuona vizuri leo, wallahi. Khalati yuko—"

"Nitazame. Khalati Zuwena hakuja Dar. Alifariki Tanga. Tulimzika tarehe kumi na tisa. Nilikwambia, na picha ikaruka, ukadhani nimesema amefika. Kisha nikashindwa kukwambia tena."

Picha haikuruka. Bi Wahiba aliona kila kitu: macho yakisoma, yakisimama, yakirudi nyuma kuyasoma maneno upya. Hakuwa amejua kwamba atatamani kule kuganda kwa picha kumwokoe, na hakukuja.

"Mwezi mzima," alisema Ahlam. "Mwezi mzima namtumia salamu."

"Ndiyo."

"Jana nilikwambia dira. Ukaitikia kwa kichwa. Jana nilikuona, hukuganda."

"Sikuganda."

Ahlam akakata simu.

Bi Wahiba alikaa kwenye kochi la watu, mikono mapajani. Saa ya ukutani ya Mwalimu ilikuwa na sauti. Aliwaza kwamba amempoteza Khalati na sasa kampoteza na dada, wote kwa neno moja lile. Filomena alichungulia, akarudi. Zikapita dakika kumi, labda na zaidi. Kisha simu ikaita.

Ahlam alikuwa ameosha uso. Macho mekundu. "Nani alimwosha?" aliuliza.

"Mie na binti zake Ami Mazin."

"Alikula nini mara ya mwisho?"

"Uji wa mchele. Akasema hauna sukari."

Ahlam akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio hicho Bi Wahiba alikisikia ingawa mwenyewe Ahlam hakukisikia. Kisha akaanza kuuliza, na akauliza kila kitu: sanda nani kaitoa, nani alikuja kutoka Pangani, nani hakuja, chumba chake sasa kina nani, lile sanduku la mkangazi liko wapi. Bi Wahiba alijibu polepole, neno moja moja, na hakuna hata moja lililopotea. Ile nusu saa ikawa saa moja na robo. Mvua nyepesi ilianza, na Mwalimu alibaki barabarani na mwavuli wa mkewe, wa maua, akiwarudisha wapita njia kwa mkono.

Mwisho Ahlam alisema, "Nilikukasirikia sana, Wahiba. Bado nimekukasirika. Kesho nipigie."

Wiki iliyofuata Bi Wahiba na Mwalimu walikwenda pamoja ofisi ya mtendaji wa mtaa, na vibao vikahamishwa, kila kimoja kwenye geti lake. Waya haukuhamishwa. Bi Wahiba alisema watoto wa kidato cha nne wana mtihani mwezi wa kumi na moja, yeye hana mtihani. Mwalimu alibisha siku mbili, kisha akaleta kalenda yake ya vipindi, akachora mstari mwekundu kwenye saa kumi na nusu ya kila siku, Jumapili pamoja. Maombi ya waya wa pili, wa kwa Bi Wahiba, yako kwenye mfumo. Khalfani hupiga simu kila baada ya muda kusema bado hajui, na Bi Wahiba humwambia asante.

Sasa huvuka barabara na sahani ya vileja, na mara nyingi humkuta Filomena ameshakaa mbele ya kamera, amewahi, anamweleza Ahlam habari za mtaa kwa mikono na macho na sauti ya juu isiyo na faida yoyote. Ahlam humtazama kwa makini, kichwa upande.

"Wahiba, nitafsirie," husema. "Huyu mwenzio anaongea na meno. Nimeshika neno moja tu, kuku. Kuku wa nani kafanya nini?"

Na Filomena, amejishika kiuno, huanza upya tangu mwanzo.